Mikorosho Mitatu

Jumanne, 8 Julai 2025. Masasi.

Mhariri amepiga simu saa tatu asubuhi. Alfredi yuko Mtwara, namzidi miaka kumi na sita, na bado ananiamkia kabla ya kunituma.

"Shikamoo Mama Chrispin. Kuna hadithi inazunguka kwenye magrupu ya Newala. Mtu anaeleza mambo ya jandoni. Halafu alikuwa mwanamume, sasa anajiita mwanamke. Nataka jina lake."

Nikasema nitaangalia.

Sina cha kuangalia. Nimeihariri mimi.

Niandike hapa, maana pengine hapaandikiki. Mtandaoni kuna mahali panaitwa Jikoni. Huko wanaandika hadithi za watu walioitwa wanaume nao ni wanawake, au kinyume chake. Waandishi wengi wenyewe ni watu haohao. Kila mwanachama ana jina la chombo. Upawa yuko Tanga. Kibao cha Mbuzi yuko Muscat. Kinu sikujua yuko wapi. Mimi ni Chekeche: nachekecha tarehe, majira, umbali. Jina la nje haliulizwi. Ukitaka kukosoa, kwanza useme umeshiba nini. Anayemuua mhusika bila sababu anaiandikia sufuria barua ya kuomba radhi. Wehu kabisa!

Niliingia miaka saba iliyopita kutafuta habari. Habari sikuiandika. Mwezi uleule Baba Chrispin alifariki. Niliwaambia tu kwamba nitakuwa kimya. Kwa siku arobaini, kila siku mmoja wao aliniandikia pishi moja, kuanzia kuwasha moto hadi kupakua. Wenzangu wa kanisani walikuja siku tatu.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimeipata rasimu ya Aprili ya hadithi ile. Kinu alikuwa ameandika hivi: wali, ndio vijana waliotahiriwa, walipotoka jandoni, likumbi lao, kibanda walichokaa, likachomwa kama desturi, na moto ukaruka ukachoma miembe mitatu. Pembeni kuna maneno yangu:

"Nimeshiba mandhari. Lakini tukio hili nalijua. Newala, Septemba 2008. Haikuwa miembe, ilikuwa mikorosho. Niliandika habari yake. Rekebisha."

Rekebisha! Kama namwagiza mwanafunzi wa mazoezi.

Baada ya siku mbili akajibu: "Nimerekebisha. Asante, Chekeche."

Huku kwetu mkorosho ndio fedha, ukiungua hausahauliki. Mwenye ile mitatu aliifuatilia kesi hadi akafa. Ukisema likumbi na mikorosho mitatu, umeshataja kitongoji kimoja nyuma ya Chilangala, mwaka mmoja, wali tisa. Mwandishi alikuwa amejificha nyuma ya miembe. Nikamshika mkono nikamtoa nje.

Hadithi yenyewe ni nzuri. Nanukuu sehemu moja: "Walituambia jina la utoto limeungua na likumbi, atakayetuita kwalo ametutukana. Nikajiuliza, na hili jipya litaungua lini, na nani ataliwashia moto?"

Jumamosi, 12 Julai. Newala.

Nimempata Abdulkadiri, mkulungwa, mzee wa jando aliyewasimamia wale wali wa 2008. Alikuwa anachanganya salfa ya kupulizia mikorosho, kitambaa puani. Akakivuta chini ili anisalimie vizuri.

"Wali walikuwa tisa. Wanane nawajua wanakolala."

"Na wa tisa?"

"Dastani wa Bibiana? Yuko Masasi kwenu, anashona magauni ya harusi." Vijana wawili waliokaa juu ya bodaboda wakaangua kicheko. Mmoja akasema labda anajishonea na la kwake.

Abdulkadiri hakucheka. "Sisemi ni yeye. Sina ushahidi, hadithi haina jina la mtu. Lakini anayetoa siri za likumbini hatumziki. Na mama yake naye hatumziki. Bibiana ana huyo mmoja tu, atazikwa na nani?"

Anasema baraza la kuamua jambo hili ni Jumapili ya tarehe ishirini. Nije na daftari langu la mwaka ule.

"Wewe hujawahi kutuandika vibaya, Mama Chrispin. Utakachosema, sisi tutakifuata."

Miaka ishirini na sita ya uandishi nimeitafuta sentensi hiyo. Imekuja leo.

Jumatatu, 14 Julai. Masasi.

Nimewaeleza Jikoni yote. Kwamba ni mimi, na neno gani, na mwezi gani. Nilitaka mmoja anitukane. Mmoja tu!

Wamenikumbatia. Kibao cha Mbuzi ameshiba ukweli wangu. Mwingine ametuma picha ya kuku aliyevaa kofia. Upawa kaandika: "Pole, Chekeche. Kila mpishi huunguza wali."

Upawa ni mtu wa Tanga. Hajui huku wali ni watoto wa nani. Nimeizima simu nikaiweka kabatini.

Jumatano, 16 Julai.

Kinu aliniandikia faraghani. Kibanda cha kushona nyuma ya soko, mlango wa bluu. Nimekwenda saa nane mchana.

Ni mtu mrefu, kanga kiunoni, futi ya kupimia shingoni. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naitwa Pendo. Sheria ya Jikoni nimeshaivunja, basi kaa."

Nikamwambia kosa ni langu. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakuniacha nimalize.

"Unadhani sikujua? Nilikaa na neno lako siku mbili. Ile miembe ilikuwa inanitia aibu. Moto ule niliuona kwa macho yangu, halafu nikauandika uongo. Uliposema mikorosho nikaona, hee, kuna mtu mwingine duniani anaujua." Akakata uzi kwa meno. "Mimi nilichagua. Mama yangu hakuchagua."

Nikauliza anataka nini.

"Sema barazani kwamba palikuwa na moto mwingine. Mwaka uleule, kwingine. Mikorosho mitatu vilevile."

"Sijawahi kuandika uongo."

"Jikoni tunaandika uongo kila siku, mama. Na wewe unausahihisha."

Nilikaa hadi akamaliza upindo. Nimetoka bila kuahidi. Ameniaga vizuri, na hilo limenikera kuliko kama angelia.

Ijumaa, 18 Julai.

Alfredi: jina?

Nikajibu: bado.

"Mama Chrispin, hujawahi kuniambia bado."

Daftari la 2008 lipo. Mwandiko wangu wa wino mweusi: "Mikorosho 3. Shahidi wa kwanza alisema miembe, mwenye shamba amekanusha." Nimepiga mstari chini ya "mikorosho". Mistari miwili.

Jumapili, 20 Julai. Kitongojini, nyuma ya Chilangala.

Naandika nikiwa barazani, benchi la pembeni. Wananiona naandika, wanadhani ni kazi. Daftari la 2008 liko mapajani, hili liko juu yake.

Watu kama sitini. Wazazi wa wale tisa wamekaa mbele. Bibiana amekuja na mkeka wake mwenyewe, hakuna aliyekaa naye. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuniangalia sana. Sijui Pendo amemwambia nini. Labda hakumwambia kitu.

Saa nne na robo Abdulkadiri akaniita. Nikasimama, nikafungua daftari, nikasoma lisiloandikwa. Nikasema mwaka ule niliandika mioto miwili. Mmoja hapa. Wa pili bonde la Lukuledi, tarehe sita Septemba, wali kumi na wanne, upepo wa kusini, mikorosho mitatu. Uongo unataka tarakimu. Sauti haikutetemeka. Ningependa kuandika kwamba ilitetemeka.

"Mitatu vilevile?" akauliza mzee mmoja.

"Mitatu, baba."

Halafu Abdulkadiri akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi si wetu huyu. Ni wa huko bondeni! Wanajua wenyewe." Watu wakacheka. Mama mmoja akausogeza mkeka wake karibu na wa Bibiana. Mwingine akamuuliza habari za nyonga yake. Hivyo tu. Wiki nzima walikuwa hawamuulizi.

Nikakaa. Nikaona si kazi ngumu. Hilo ndilo baya.

Katibu anachukua majina ya waliohudhuria, kwa ajili ya muhtasari. Amepita mstari wa mbele: Baba huyu, Mama yule. Kwa Bibiana hakuuliza. Alishaanza kuandika, huku anajisomea kwa sauti, "Mama Dastani..."

"Futa," Bibiana akasema.

"Nifute nini, mama?"

"Hilo jina. Andika Mama Pendo."

Katibu akacheka kidogo. "Pendo ndiyo nani tena? Wewe mtoto unaye mmoja."

"Ndiyo. Huyohuyo."

Anasimama sasa, kwa taabu, mkono kwenye nyonga. Hakuna anayemsaidia. Yule mama wa jirani ameuvuta mkeka wake kurudi ulikokuwa. Bibiana hamtazami. Anamtazama katibu na kalamu yake, anangoja aone kama ataandika. Katibu haandiki.

Abdulkadiri hamwangalii Bibiana. Ananiangalia mimi. Ametoka kwenye kiti, anakuja huku, na amenyoosha mkono.

"Mama Chrispin. Nipe daftari nilisome mwenyewe."