Nimshukuru Vipi Bila Kumvua Nguo?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, shukrani zimenikaa kooni. Mimi ni muuza vitumbua hapa Kariakoo, nilitoka Newala nikiwa mtu mzima, Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni tu, bei na punguza na haya chukua, sasa nilipoingia kisomo cha watu wazima herufi nikazishika upesi lakini maneno yakawa yananipita, mpaka binti yangu akaniletea kitabu cha hadithi cha watoto, cha mtoto aliyepoteza mbuzi wa jirani, nikawa nakisoma uani kwa sauti huku unga unaumuka, na mama mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa hapa hapa, akawa ananifafanulia kila neno linalonishinda. Nilipofika “kuhaha” alijifunga kanga kiunoni akazunguka ua mzima akimtafuta mbuzi, wapangaji tukacheka mpaka machozi. Nilipofika “sitara” alivua mtandio wake akanifunika mabega, akasema, “Hii ndiyo sitara, mwanangu.” Nampenda sana mama huyu, bila yeye kitabu kingenishinda.

Sasa siku moja mikono yangu imejaa unga nikamwomba anisomee ukurasa mmoja, akasema miwani kaisahau chumbani, na miwani yenyewe ipo puani. Nikaelewa, nikanyamaza, maana balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kuandikisha wasiojua kusoma, mama huyu alimwambia anajua. Jumamosi tunapewa vyeti, na mwalimu amesema kila mhitimu amtaje aliyemsaidia, naye aitwe mbele wasome pamoja. Nikimtaja ataaibika, nisipomtaja nitakuwa mwizi wa fadhila. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Kisomo, Dar es Salaam

Dada yangu, marahaba, na hongera. Lakini kwanza nikugombeze. Unaogopa kumwaibisha mama wa watu, halafu unaniletea gazetini jina lake, mtaa wake na hata rangi ya mlango wake. Vyote nimevifuta. Kusoma umejua, kunyamaza bado unajifunza.

Nenda kwa mwalimu kabla ya Jumamosi, mwambie wewe utasoma peke yako. Akikuuliza sababu, sema ndivyo unavyotaka. Cheti ni chako. Siku yenyewe simama, mtaje mama huyo kwa jina, useme maneno ya kitabu kile umeyapata kwake. Hiyo ni kweli tupu, na anastahili kupigiwa vigelegele.

Ukirudi nyumbani usimwambie unajua siri yake, na gazeti hili usimsomee. Kaa naye uani, anza kitabu upya, safari hii kidole chako kitembee chini ya kila neno, polepole, naye awe ubavuni pako. Akitaka kufuata, atafuata. Asipotaka, mtafuteni mbuzi tena mcheke.

Yeye alikufunika mabega mbele ya wapangaji wote. Jumamosi ni zamu yako.