Leso Niliyoifua

Jumapili, Voi. Upepo tangu asubuhi, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa.

Nimeketi jikoni. Chumbani kuna beseni lake la kuogea, na siwezi kulitazama.

Mshai ameenda.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Kwa mdomo siwezi. Nina miaka kumi na minane, nina mtoto wa miaka miwili, na bado nikitumwa buchani narudia maneno njia nzima, kisha nikifika naonyesha nyama kwa kidole. Shuleni walimu walisifu insha zangu, za Kiswahili na za Kiingereza. Siku niliyoambiwa nisome moja mbele ya darasa, nililia.

Sijui binti yangu Mshai alilitoa wapi lile domo lake.

Neno lake la kwanza halikuwa mama. Lilikuwa "taki", yaani sitaki. Siku hizi linakuja na mguu: anasema huku anakanyaga chini. Ukimlisha uji anautema. Ukimwachia kijiko, nusu inaingia mdomoni na nusu kwenye nywele, lakini anamaliza. Ndala anavaa mwenyewe, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Ukimrekebishia anavua zote mbili, anaanza upya, anazikosea vilevile, halafu anakuangalia usoni. Juzi nilimwona amejibanza nyuma ya pipa la maji, ametulia kabisa, mpaka jogoo wa jirani alipompa mgongo. Ndipo akamvuta mkia. Nilicheka, kisha nikashtuka. Ameshajua kusubiri, na sikuona alijifunza lini.

Kuacha ziwa ndiko alikokataa. Nilipaka mwarobaini. Alikunja uso, akashika pindo la leso yangu, akapangusa, akaendelea.

Na shule inafunguliwa. Narudi kidato cha tatu, bweni. Kwa hiyo Mama akaamua vile watu wa kwetu milimani huamua: mtoto apelekwe mbali, kwa shangazi yangu Mghoi kule Mwatate, na mimi nisionekane huko mpaka asahau.

"Ukitokea mara moja tu, tumeanza upya," Mama alisema. "Na wewe kumnyima huwezi, nakujua."

Jana akaniambia niweke kwenye mfuko na ile leso ninayombebea. Hakusema ya nini. Sikuuliza. Mimi siulizi, ndiyo shida yangu.

Niliitazama ile leso nikaona aibu. Maziwa yaliyochacha, mikojo, moshi, jasho langu la miaka miwili. Shangazi ni mtu wa kupiga pasi hata kitambaa cha kufunikia mkate. Nikaifua mara mbili, nikaianika juani, nikaikunja vizuri.

Leo asubuhi Shangazi alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kuitoa kwenye mfuko na kuinusa.

"Nani amefua hii?"

Nikajionyesha kwa kidole.

"Ni wewe? Haki wewe mtoto! Sasa huyu atalala na nini, na sabuni?"

Mama alianza kucheka, halafu akaacha. Ndipo nikaelewa. Mtoto anayeachishwa ziwa huondoka na leso ya mamake ikiwa chafu hivyo hivyo, aifunike kichwani usiku, ile harufu imlaze. Ni kitu changu kimoja tu alichoruhusiwa kwenda nacho.

Nikakifua.

Walipomfunga nayo mgongoni kwa Shangazi, Mshai aliweka pua kwenye kitambaa. Akanitazama. Akaivuta ikalegea, akaitupa chini kwenye vumbi.

"Si ya Mama! Taki!"

Nilitaka kusema na mimi sitaki. Nilikuwa nalo mdomoni, neno zima. Nikainama, nikaiokota leso, nikaikung'uta, nikampa Shangazi kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu. Kisha wakaenda, ndala zake zikiwa zimepishana miguuni.

Mchana Shangazi alipiga simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia kilio kimekauka, kile cha mwisho kabisa. Hajala. Hajalala. Amekaa mlangoni, na hataki kuvuliwa ndala.

"Sikiza, mwanangu. Chukua leso nyingine, uivae kutwa. Pika nayo, lala nayo. Kesho asubuhi mamako aniletee. Na usije wewe, umesikia?"

"Ndiyo, Shangazi."

Ndiyo, tena.

Kwa hivyo nimejifunga leso kifuani na joto hili lote. Nimekaanga vitunguu ambavyo hakuna aliyetaka kuvila. Nimetembea juani mpaka reli na kurudi. Mtoto wa jirani amelia sasa hivi, na maziwa yakatoka yenyewe, yakailowesha. Sikuyapangusa.

Naogopa kwamba hatanyamaza. Naogopa zaidi kwamba atanyamaza, na nikirudi likizo atanikanyagia mguu na mimi, kama mgeni mwingine yeyote anayetaka kumrekebishia ndala.

Kesho Mama ataipeleka kabla jua halijawa kali. Nainusa kila mara. Napata vitunguu, napata moshi. Mimi mwenyewe sijipati. Kwani mtu atajuaje harufu yake?

Ni Mshai peke yake anayeijua.