Nilifumua Gauni la Harusi la Nyanya Bila Ruhusa

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, mwaka wa kumi na mbili sasa, nilianza na sare za shule na nguo za kwaya, lakini tangu mwaka juzi moyo wangu umehamia nguo za zamani, zile walizovaa akina nyanya zetu wakiishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na aliyenitia wazimu huu ni Mwalimu Wamaitha, ambaye kila Agosti hukusanya mafundi ukumbini kule Njoro kwa siku mbili, tunafunzana kukata kola za kale na mikono ya puto na marinda, hakuna anayeficha ujuzi wake, halafu tukirudi nyumbani tunaendelea kuulizana kwenye kikundi cha WhatsApp, na nikuambie ukweli, sijawahi kuifurahia kazi yangu kama sasa.

Sasa sikia nilichofanya. Mama mkwe wangu ana gauni la harusi la marehemu mama yake, la mwaka wa 1956, satini nyeupe, na aliyelishona ni bwana harusi mwenyewe, mfanyakazi wa reli, kwa cherehani ya mkono. Mama mkwe ndiye kifungua mimba wa nyumba hiyo, tena ni kiongozi wa akina mama kanisani, na gauni hulitoa tu kuwaonyesha wasichana wanaokaribia kuolewa, anawaambia, "Angalieni, hii ndiyo heshima." Nilimwomba nilipime na kulipiga picha tu, nishone nakala ya kupeleka Njoro, akanipa, akasema, "Mama Travis, hilo ndilo nimebaki nalo la mama."

Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba nguo ya zamani haifumuliwi, unaipima, unaichora, unajaribu kwanza kwa kitambaa rahisi cha marekani, nami nilijaribu mara tatu, kiuno kikakataa kukaa kama cha lile gauni, nikachukua wembe nikafumua mshono wa ubavuni, nikijiambia ni inchi sita tu, na ile satini ikachanika mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Nikaketi chini. Kisha nikaona jambo lingine kule ndani, matundu ya mshono wa kwanza, yaani gauni lilikuwa limeshonwa likaisha, halafu likafumuliwa na kuongezwa kipande cha kitambaa kingine kila upande, kwa haraka, kiuno kikapanuka kama inchi tano. Nikaweka picha kwenye kikundi kuuliza nitautibu vipi mchaniko, na Zeddy, fundi wa Mau Narok ambaye mdomo wake hauna kifungo, akaandika, "Dada, huyu bibi harusi alikuwa na mimba!" Watu wakacheka, na mmoja wao anaabudu kanisa moja na mama mkwe.

Mwalimu ameniomba Agosti nilizungumzie gauni hilo mbele ya watu wote. Mume wangu Nyongesa anasema, "Wewe shona tu uzibe, siku hizi mama haoni vizuri." Mshauri, nizibe ninyamaze, au nimwambie? Na nikimwambia, nimwambie lipi?

Fundi, Nakuru

Fundi,

Pole, na sasa tulia nikugombeze. Mwalimu alikuambia usifumue, mwenye gauni akakuambia lina maana gani kwake, na bado ukachukua wembe. Usiniambie ni hamu ya kujifunza. Ile ilikuwa haraka, na fundi wa miaka kumi na miwili anaijua tofauti. Lakini umeona aibu na ukauliza, kwa hiyo bado kuna mtu wa kuongea naye.

Mchaniko ni wako. Upeleke kwa mama mkwe wiki hii, wewe mwenyewe, na gauni likiwa lilivyo. Ushauri wa Nyongesa uache pale pale alipousemea. Mama asiyeona vizuri hupapasa, na vidole vyake vinalijua gauni la mama yake kuliko macho yako.

Siri ya marehemu si yako, usiifafanue. Ila picha umeshazitoa, kwa hiyo mwambie kwamba watu wameona ndani ya ule ubavu na wameongea. Ishia hapo. Usimuulize swali hata moja. Kabla ya kwenda, futa zile picha, umpigie Zeddy simu umwambie kwamba mtu mliyemcheka ni mama wa mtu.

Akisema gauni lisitoke nyumbani, basi Njoro utazungumza kuhusu sare za kwaya, na utazungumza vizuri. Lakini usiache kwenda. Ujuzi ulioupata bure kwa wenzako unadaiwa, na hili kosa lako litawafundisha kuliko nakala yoyote.

Mshauri wako

Wiki tatu baadaye, fundi alituandikia tena:

Mshauri, nilienda Jumamosi. Nililiweka gauni mapajani mwake nikamwambia yote kama ulivyosema. Alilipapasa ubavuni mpaka akaufikia mchaniko.

"Ulitumia nini kufumua?"

"Wembe, Mama."

"Wembe! Fundi mzima!"

Kisha akaingiza mkono ndani, akaweka kidole moja kwa moja kwenye kile kipande cha kuongezwa. "Na hiki ulidhani sikijui? Aliyekuwa akitafutiwa nafasi hapa ni mimi."

Akanieleza kwamba siku mbili kabla ya harusi gauni lilikataa kufunga, mama yake akasema afadhali arudi kwao, na baba yake, yule bwana harusi, akatoa koti lake la pekee la Jumapili, akalikata bitana, kile kitambaa cha ndani, akakaa kwenye cherehani. Alienda kanisani na koti lisilo na bitana.

"Hao wasichana huwa nawaonyesha heshima ya baba," akasema. "Ni vile tu hakuna aliyewahi kuniuliza."

Amekataa nifiche mchaniko. Zeddy amemwomba msamaha, na ametuma kipande cha hariri cha kuushikilia kwa nyuma. Agosti Mama atazungumza mwenyewe, mimi kazi yangu ni kushika gauni, na tayari amempigia Mwalimu Wamaitha kuuliza kama kutakuwa na kipaza sauti.