Sekstanti ya Baba na Mpaka wa Kinyangiri

Utemini, Singida

Kwako dada Kuluthumu,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mimi sijambo, ila bega la kushoto lina jeraha la panga.

Unaikumbuka sekstanti ya shaba, kile chombo cha mabaharia cha kupimia pembe, ambayo marehemu baba alikuja nayo alipoacha kazi ya meli. Mwezi uliopita niliitwa Kinyangiri. Ndugu wawili, Kefa na Paskali, walikuwa wanagombea mpaka wa mashamba yao, na jiwe la mpaka lilikuwa limeng'olewa. Zamani baba ndiye aliyewapimia, akaandika daftarini: mahali pa jiwe ni pale kwenye njia ya ng'ombe ambapo pembe kati ya majabali mawili ni nyuzi arobaini na moja.

Niliilaza sekstanti ubavu kama baba alivyonifundisha. Unatazama jabali la kushoto kwa darubini, unasogeza mkono wa shaba taratibu hadi taswira ya jabali la kulia ije ilikalie lile la kushoto. Skrubu unaizungusha upande mmoja tu, maana imelegea. Pembe ilipotimia, nikachomeka kijiti.

Paskali alisema baba yao hakuishia kulima hapo. Kefa akamjibu kwamba shaba haina ndugu, haimpendelei mtu. Paskali alipong'oa kijiti, Kefa akamkata mkononi kwa panga. Paskali akamrudishia kwa mpini wa jembe, akamvunja meno. Niliingia kati, panga likanipata begani. Pigo la Kefa lililofuata lilimpata Paskali shingoni. Aliangukia mtama akitapatapa, damu ikaruka hadi kwenye vioo vya sekstanti, akakata roho. Mama yao, Evodia, aliita majina yote mawili mpaka sauti ikamkauka.

Dada, kuna jambo nimelificha. Asubuhi ile sanduku lilianguka kutoka kwenye bodaboda. Kabla ya kupima niliuweka mkono wa shaba kwenye sifuri, nikatazama jabali moja, nikaona taswira mbili zimepishana badala ya kuwa moja. Kioo kilikuwa kimehama. Watu walinizunguka wakiniita fundi; nikaona aibu, nikapima hivyo hivyo.

Juzi nilikirekebisha kioo, nikarudi kupima. Nilikuwa nimekosea kwa hatua kumi na nne. Siku ile Paskali alikuwa amesimama kwenye shamba lake mwenyewe.

Jana nilimweleza mama Evodia. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kefa anajua?" Nikasema bado. Akasema Jumatatu tutakwenda wote mahabusu aliko Kefa, nikamwambie mwenyewe, yeye akiwa amesimama hapo.

Wasalimie wote wa nyumbani, na uniombee.

Mdogo wako,
Miraji