Ukungu Katika Pumba

3 Februari

Mke mwenzangu,

Kama umekufa, ungetuma mtu aniambie. Miaka miwili sijaona hata kisigino chako! Anayeandika hapa ni Fundi cherehani wa jirani, na nimemwambia asinilainishie neno hata moja. U mzima? Unakula? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananitukana.

Kondoo ndio si wazima. Saba wamekufa tangu mvua zianze. Ukifunua kope, ndani peupe. Chini ya taya pamevimba kama kifuko cha maji. Minyoo. Dawa ya dukani wanainywa, na minyoo inacheka. Mkorofi wako, yule uliyemlea kwa chupa, ana mimba na kope zake zimeanza kupauka. Baba yako mdogo anasema wakizidi kufa atauza waliobaki na malisho atayalima.

Nasikia huko maabara kazi yako ni minyoo ya kondoo. Kondoo wa nani?

Bibi yako

20 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Mimi mzima, ila kazi imenibana, nisamehe. Nimempa dereva wa lori mfuko wa unga wa kijivu. Ni ukungu, Bibi, ndugu yake ule unaoota kwenye mkate, lakini huu unakula minyoo. Kondoo akiumeza unapita tumboni, unatoka na mavi, unaota humo na kutega vitanzi. Vijinyoo vinanaswa kabla havijapanda kwenye majani na kuliwa tena. Changanya kwenye pumba, kijiko kimoja kwa kila kondoo, kila asubuhi. Mengine yote yako kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko.

Msalimie Mkorofi.

Mjukuu wako

11 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba, kama bado unaistahili. Unalala vizuri? Mimi silali.

Miezi miwili nawalisha ukungu wako, na wengine watatu wamekufa. Mtego gani huo usionasa? Kila asubuhi naukoroga kwenye pumba, nautokosa mpaka uchemke sawasawa, maana siwapi kondoo wangu kitu kilichooza tena kibichi. Naupoza, nawalisha kwa mkono wangu. Kijiko kimoja kimoja, kama ulivyosema. Mkorofi sasa hasimami bila kusukumwa. Baba yako mdogo ameshaleta mnunuzi, akawapapasa migongo kama anachagua mapapai.

Hapa Fundi amekataa kuandika neno langu, nimemwambia aache nafasi: ________. Lijaze mwenyewe.

Bibi yako

18 Mei

Bibi, shikamoo.

Umeupika? Miezi miwili UMEUPIKA? Ukungu ule ulikuwa hai, Bibi! Ukichemka unakufa, na kwenye mavi hakuna kilichoota. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa wino mwekundu: usipashwe moto. Niliandika pia kwamba ukungu haumponyi aliyekwisha kuugua. Huyo anyweshwe kwanza dawa ya ile chupa ndogo iliyokuwa ndani ya mfuko. Mkorofi ulimpa? Kwa nini hukufuata karatasi?

Natuma mfuko mwingine na chupa nyingine.

Mjukuu wako

2 Juni

Wewe mtoto,

Sikuulizi hali, najua unayo.

Herufi kubwa! Wino mwekundu! Umekaa kwangu miaka kumi na minane, uliwahi kuniona nasoma nini? Karatasi yako niliwashia jiko siku mfuko ulipofika, jiko lile lile nililokuja kupikia ukungu wako. Niliiona kama karatasi za mifuko yote ya pumba. Fundi aliponisomea barua yako ya kwanza, karatasi ilishakuwa majivu zamani, nami nikaona haya kusema. Ile chupa ndogo nilidhani umenikumbuka magoti. Nimeyapaka miezi miwili. Hayana minyoo.

Mkorofi alikufa siku ile ile barua yako ilipofika. Alizaa kwanza. Ni jike, na ukorofi ni ule ule: juzi amemng'ata mnunuzi suruali. Nusu ya kosa ni yangu, siikani. Nusu yako uliifunga kwenye mfuko ukampa dereva wa lori.

Baba yako mdogo alipokuja na kamba nilikaa kitako kwenye lango la zizi. Nikamwambia, "Anza kuniuza mimi, ila mwambie mnunuzi nyama ni ngumu." Ameondoka, lakini mvua zijazo atarudi. Huyu mtoto wa Mkorofi ameanza kuonja majani, na majani ni yale yale yaliyomuua mama yake.

Wagonjwa nimewanywesha dawa. Ukungu nawapa mbichi, pua nimeziba. Kila asubuhi nachungulia mavi, naona mavi.

Usinitumie mfuko wala karatasi tena. Njoo. Usipite mlango wa mbele, pitia wa zizi, na viatu vyako vya mjini uvue hapo hapo. Ulete na hicho chombo chako cha kukuzia vitu vidogo. Tutachuchumaa wote wawili juu ya mavi mpaka nimwone mnyoo mmoja kwa jicho langu, kitanzi shingoni. Chai utakunywa baadaye.

Bibi yako