Siku niliyokataa mkopo wa informatique

Kisangani, Jumapili. Mvua ilianza tukiwa bado kwenye misa ya kwanza, na ndiyo kwanza inaacha. Mabati yanadondosha maji kwenye beseni za mama. Barabara yetu imekuwa matope matupu, hata baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria, hazipiti. Sina hasira na sijalia. Nimechoka tu, kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Leo, tulipomaliza kula, nimemwambia papa kwamba sitaki mkopo.

Acha niandike mambo yalivyokwenda, maana wiki ijayo kila mtu kwenye familia atakuwa na namna yake ya kuyasimulia.

Nilipata nafasi ya kusoma informatique, masomo ya kompyuta, kwenye chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Ni chuo kizuri. Wana chumba cha mashine zinazowaka kweli, wana walimu wanaokuja siku wanayosema watakuja, na umeme ukikatika wana jenereta. Tatizo ni bei. Ada yao inalipwa kwa dola, na sisi nyumbani dola tunazigusa kwa bahati. Papa ni mvuvi wa hapa kwenye maporomoko, kama baba yake alivyokuwa. Mama anakausha samaki na kuwauza sokoni, na maporomoko yakitoa kidogo anapanda baleinière, boti kubwa ya mbao, mpaka Yanonge kununua wa kule. Chakula hakikosekani. Lakini ada ya chuo kile kwa miaka yote ya masomo ni kitu kingine kabisa.

Mimi mwenyewe ninafanya kazi kwenye sekretarieti moja ndogo karibu na chuo cha serikali. Tunapiga chapa kazi za wanafunzi, tunatoa fotokopi, tunaprinti. Mashine pale zilikuwa zinakufa kila wiki na patron hakuwa na fedha za fundi, basi nikaanza kuzifungua. Baadaye nikapata vitabu kwenye flash ya mwanafunzi mmoja, nikajifunza kuandika programu, ukurasa kwa ukurasa, na kamusi ya Kifaransa pembeni.

Kwaya yetu ya parokia ina nyimbo nyingi mno, za Kiswahili, za Lingala, za Kifaransa, na chache za Kilatini ambazo wazee hawataki ziachwe. Zilikuwa kwenye makaratasi, na mkuu wa kwaya alikuwa akitafuta wimbo mpaka padri anageuka kumtazama. Nilizipiga chapa zote. Kisha nikaandika programu ndogo ya simu: unaandika maneno mawili ya mwanzo, wimbo unatokea. Jumapili ya kwanza walipoitumia nilikuwa nimesimama kwenye sauti ya pili, na niliimba vibaya sana kwa sababu nilikuwa ninaangalia ile simu mkononi mwa mkuu wa kwaya. Ilifanya kazi. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka kusoma.

Papa naye alijua. Hakusema mengi, yeye si mtu wa kusema, lakini alianza kuuliza watu.

Ndipo likaja jina la Maman Kavira. Huyu ni mama mfanyabiashara kutoka Butembo, ana depo kubwa ya mchele, sukari na mafuta, na anakopesha watu anaowafahamu. Mama yangu hununua chumvi kwake. Maman Kavira alikubali kulipa ada yangu mwaka hadi mwaka. Riba ilikuwa kubwa, lakini si ya kutisha ukilinganisha na wengine. Dhamana yake ilikuwa lopango letu. Kiwanja, nyumba ya matofali ambayo papa aliijenga kidogo kidogo tangu kabla sijazaliwa, jiko la mama, tanuri la kukaushia samaki, vyote.

Papa alikubali siku hiyo hiyo.

Alhamisi tulikwenda pamoja depo, mimi na yeye. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu. Maman Kavira alitupokea vizuri, akatupa viti na akaagiza tuletewe soda, kisha akaanza kuongea na papa kwa heshima kabisa, akimwita Papa Béa kwa jina langu. Nilitegemea kumwona mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi.

Alinigeukia mimi na kuniuliza swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa ameniuliza.

“Mutoto, ukimaliza hiyo masomo, utafanya kazi wapi?”

Nilitaja benki, mashirika, kampuni za simu. Akauliza kama ninamfahamu mtu yeyote aliye huko. Nikasema hapana. Akauliza kama nimesikia wameajiri vijana wangapi wa hapa Kisangani. Nikasema sijui. Hakucheka wala hakunidharau. Alitikisa kichwa polepole, kisha akamwambia papa:

“Bon, Papa Béa, nisikupoteze. Mi sikopeshe masomo. Masomo ikikosa kazi, siwezi kuiuzisha. Nakopesha lopango. Ukinielewa hapo, tuendelee.”

Papa akasema ameelewa. Akasema Jumatatu ataleta karatasi za lopango.

Tukirudi, papa alitembea mbele yangu kwa hatua ndefu, ingawa magoti yake yanamsumbua tangu mwaka ule alipoteleza juu ya mawe akitengeneza miti ya kutundikia mitego. Alikuwa na furaha. Alimsalimia kila mtu. Mimi nilikuwa ninatazama mgongo wa lile shati na neno moja tu lilikuwa kichwani: lopango.

Ijumaa nilimpigia Dédé, mtoto wa dada yake mama. Alisoma informatique kabla yangu, kwa deni. Siku hizi yuko upande wa Bafwasende, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye familia kisa chake kinasimuliwa kama onyo, na siku zote nilidhani wanakikuza. Mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi nipige mara kadhaa. Nilimweleza yote. Nilitegemea aniambie niache, au aniambie nisiogope. Hakusema hata moja kati ya hayo.

Aliniambia chuo kilikuwa kizuri na kwamba bado anaota ndoto akiandika programu. Alipomaliza alipata kazi, tena mapema, kwenye ofisi moja mjini, kutunza mashine zao. Kisha akasema:

“Masomo sijute hata kidogo, Béa. Shida, nilipata mushahara ya mutu anaanza kazi. Na deni ile haikungoja nimalize kuanza.”

Kiwanja cha mama yake, kule Basoko, kiliuzwa. Dédé hakuweza kumtazama mama yake usoni, ndiyo maana yuko msituni. Anachimba, na jioni anawachajia wachimbaji simu kwa sola. Aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza njia. Kabla laini haijakatika aliniuliza kama bado ninatumia ile laptop yenye kioo kilichopasuka. Nikamwambia ndiyo. Akafurahi.

Jumamosi nilikwenda kuuliza kwenye taasisi ya serikali inayofundisha walimu. Wana masomo wanayoyaita math-info: hesabu nyingi, informatique kidogo, na ukimaliza unafundisha sekondari. Ada yake naweza kuilipa na kazi ya sekretarieti, mama akiongezea kidogo. Nilichungulia chumba chao cha mashine. Nyingi zilikuwa zimefunikwa kitambaa, na kijana aliyekuwa zamu aliniambia zilizo chini ya kitambaa ni zile ambazo haziwaki. Nilisimama pale mlangoni nikizihesabu zilizofunikwa. Sikuwahi kutaka kuwa mwalimu. Sitaki hata leo.

Lakini nilipotoka nje nilikuwa nimeshaamua, na nilishangaa kwamba uamuzi ulikuja bila kelele yoyote.

Ndiyo hivyo, leo. Mama alikuwa amepika lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Tulikula, nikasubiri papa anawe mikono, nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimweleza kuhusu math-info, kuhusu Dédé, kuhusu swali la Maman Kavira ambalo sikuwa na jibu lake. Niliongea kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayefanya mtihani wa kusoma kwa sauti. Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi nipaze sauti, na hilo peke yake lilifanya kila neno lionekane kali kuliko nilivyotaka.

Papa alichukua kitambaa. Alikausha mikono yake, kidole kwa kidole. Kisha akauliza:

“Unaona mimi siwezi?”

Hilo sikuwa nimelipanga. Katika hesabu zangu zote za wiki nzima niliweka riba, niliweka mshahara, niliweka nyumba na tanuri la mama. Sikumweka yeye. Nilifikiri nitamtua mzigo, na yeye alikuwa amesikia binti yake akimwambia kwamba mabega yake hayatoshi.

Mama ndiye aliyenieleza, kwa sauti ndogo, papa alipotoka kusimama barazani. Kule kwenye maporomoko alikuwa ameshawaambia wenzake wote. Kila asubuhi, wakiwa wanavuta mitego, mtu anamuuliza habari za ingénieur wake, mhandisi wake, yaani mimi. Hakuna mtoto wa mvuvi upande wetu aliyesoma kwenye kile chuo. Papa, ambaye hajawahi kujisifu kwa samaki hata mkubwa namna gani, alikuwa amejisifu kwa ajili yangu.

Nilitoka nikasimama karibu naye. Tulitazama maji yakikata njia kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani. Nilimwambia ukweli, safari hii bila mpangilio. Kwamba hii nyumba najua aliijenga vipi. Kwamba siwezi kukaa darasani nikiandika programu huku nikiwaza mama atakaushia wapi samaki. Kwamba ningeshindwa mtihani kwa woga tu.

Na nikamwambia kitu ambacho hata kwangu mwenyewe nilikuwa sijakikubali. “Papa, naogopa. Si kwa ajili yenu tu. Naogopa kwa ajili yangu mimi.”

Kwa sababu ni kweli. Watu watasema nimejitoa kwa ajili ya wazazi, na mama ameshaanza kunitazama hivyo. Lakini sehemu fulani ya uamuzi huu ni woga mtupu. Ningekuwa jasiri zaidi labda ningechukua ile fedha, nikasoma kama mwenda wazimu, nikaenda Kinshasa, nikalipa kila kitu. Wapo waliofanya hivyo na wakafanikiwa. Sitajua kamwe kama ningekuwa mmoja wao.

Papa alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa inapungua. Alisema:

“Kesho mi ndiye nitaenda kwa Maman Kavira. Si wewe.”

Nikasema nilitaka kwenda mwenyewe, ni mimi niliyekataa. Akatikisa kichwa.

“Hapana. Karatasi ni yangu, na neno nilitoa mimi. Nitamwambia nimefikiri tena.”

Nimefikiri tena. Yaani yeye, si binti yake. Nilitaka kumrekebisha, neno likafika mpaka kwenye ulimi. Halafu nikaelewa, nikanyamaza. Atakwenda depo kama mwenye lopango aliyeamua kulibakiza, na atarudi hivyo hivyo, akisalimia watu njiani. Kule kwenye mitego atawaambia atakachoona kinafaa. Sitamuuliza.

Baadaye aliniuliza swali moja tu kuhusu math-info: kama wale walimu wanatoa diploma inayotambulika na serikali. Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Bon,” akaingia ndani kulala kidogo. Mama alikusanya sahani, na alipopita nyuma yangu aliniwekea mkono kichwani, kitu ambacho hajakifanya tangu nikiwa shule ya msingi.

Sasa hivi ninaandika nikiwa kwenye kiti cha papa barazani. Laptop imebaki na chaji ndogo. Ninajaribu kuona kama ninajuta. Ninajuta. Pia ninapumua vizuri kuliko wiki nzima. Mambo haya mawili yamekaa pamoja bila kugombana na sijui kama ni kawaida.

Vitabu vya kwenye flash bado sijavimaliza. Chuo cha walimu hakitanizuia kuvisoma. Zile mashine zilizofunikwa, mtu fulani atalazimika kuzifungua aone zina nini, na nadhani hawatakataa nikiomba.

Ila kuna jambo moja. Njia ya kwenda taasisi ya walimu inapita mbele ya lango la chuo kile kingine. Nitakuwa ninapita pale asubuhi, kila siku ya masomo, wakati wao wanaingia. Je, nitazunguka kwa barabara ya nyuma?

Hapana. Nitapita pale pale. Kesho nakwenda kujiandikisha, na nitatoka pamoja na papa, yeye aelekee depo, mimi niende zangu.