Mahali Wazi kwenye Tablo ya Mama

Yaya Kabwe, mukubwa wangu wa tumbo moja,

Usikasirike kwanza. Sikiliza mpaka mwisho, kisha ukasirike namna yako, ya kugeukia ukuta na kunyamaza siku mbili. Nilimwaga muchanga wako.

Haya, nimesema.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga yako. Watu walijaa kwenye lupango letu, uwanja wote, mpaka njiani, hata wamama wanaouza samaki kule mwalo wote walikuja, na vikombe vikakosekana. Nikaingia kwenye chumba chako, nikakuta yale makopo ya maziwa kumi na moja yamepangwa dirishani, yamejaa muchanga. Nikayamwaga yote pamoja nyuma ya nyumba, nikayasugua, watu wakanywea chai. Walikusifu, Yaya, huku wanakunywa ndani ya kazi yako! Kesho yake njo nilikumbuka kwamba kila kopo lilikuwa na mahali pake: muchanga wa pale muto Lukuga unatoka ziwani, muchanga wa mwalo, ule mweusi wa chini ya reli. Nililia kuliko siku ya kaburi. Mashangazi walifikiri ni uchungu umerudi, kumbe ilikuwa aibu.

Na tablo ya Mama, ile picha ya kugusa, ilikuwa haijaisha. Unajua macho yake: siku hizi anaona tu mwangaza wa mulango, basi. Wewe, muntu wa maneno kumi kwa siku, ulitumia manne yako kuniambia, "Mama ataona na vidole." Ukaleta ubao wa tripleksi, mukubwa sawa na mulango, ukaanza kubandika ziwa letu juu yake, kole ya kugandisha na muchanga, majivu, magamba ya samaki, kutoka daraja la Lukuga mpaka mwalo wa ndagala. Halafu homa ikakuchukua: siku ine tu, ukatuacha. Nilipoangalia tablo, kila kitu kilikuwa pake isipokuwa chini kabisa, pale Mama alikuwa anaanika ndagala zamani. Palibaki wazi, ukubwa wa sahani, kole kavu tu. Nikaapa kwamba nitapajaza mimi, ili Mama apate ziwa lake lote.

Mimi! Mimi niliyekuwa nakugombeza kila asubuhi sababu ya muchanga kwenye mikeka. Mudomo wangu unaujua.

Niache nikusifu sasa, maana ulipokuwa hai ulikuwa unaziba masikio. Watu walisema umelogwa. Infirmier mumoja wa hospitali akasema ni otisme, ni namna ubongo wako ulivyozaliwa, si ugonjwa wa kuombewa. Mama alisema, "Huyu ni Kabwe," akaendelea kuchambua mboga. Lakini hakukushika tena tangu uote meno ya pili. Ukiguswa bega ulilia sawa umeunguzwa, basi alikuwa anakuwekea chakula, anarudi nyuma hatua mbili, anakuangalia. Miaka yote ile, hatua mbili. Mimi nilikuona muntu asiyependa muntu.

Kumbe ulikuwa unatafuta njia. Ulikuwa unachota muchanga, unausaga kwa vidole karibu na sikio, unausikiliza. "Huu unakimbia." "Huu unachelewa." Nilicheka mpaka machozi. Leo naona hakuna muntu Kalemie nzima aliyelijua ziwa hili sawa wewe, hata wale wanaovuka mpaka Kigoma na kurudi.

Unakumbuka Mama Furaha wa ndagala? Alikuwa anavuka njia kukukwepa akikuona. Halafu siku ile ulitoa tablo yako ya kwanza kukausha kwenye jua, akapita, akachokoza na kidole kimoja. Ukatoka mbio, mimi nikasema leo ni vita. Ukamwambia, "Mukono wote. Mara moja. Usipapase." Akaweka mukono wote. Halafu akapaza sauti, "Aa! Hapa njo pangu! Hili ni jiwe langu la kukalia!" Na wewe ukasimama karibu naye, bega kwa bega karibu kugusana, ukacheka. Kesho yake alikuletea magamba ya samaki kuhe, mufuko mzima, ameyaosha mwenyewe. Kutoka siku ile ulikuwa unamusalimia wa kwanza. Nilikuonea wivu, Yaya, niseme kweli. Mimi hukunisalimia hivyo.

Basi, sikiliza niliyofanya. Nilimushika Mama mukono tukashuka mpaka mwalo kutafuta muchanga wa kujaza pale. Mimi niliona muchanga ni muchanga tu. Yeye akachota, akausaga kwa vidole karibu na sikio. Miaka yote nilifikiri ile ni vituko vyako, kumbe ulivitoa kwake! Alikataa mara tano. Mara ya sita akasema, "Huu."

Tukarudi. Nikakoroga kole, nikashika penso ya kupakia. Mama akasema ngoja, aguse kwanza mahali penyewe apajue. Akashuka na mukono juu ya tablo, kutoka darajani, polepole, akipita kwenye mawe, kwenye magamba, mpaka chini. Mukono ukasimama. Nikafikiri amechoka.

"Feza," akasema, "weka hiyo kole chini. Hapa njo mukono wake."

Nikainama, nikaangalia kutoka ubavuni. Yaya! Kiganja chote, vidole vitano, na kile kidogo kilichopinda tangu mulango wa kanisa ulipokubana ukikimbia kelele ya ngoma. Uliubandika kwenye kole ikiwa mbichi. Mimi mwenye macho mawili mazima niliona kasoro. Nilibakiza kidogo tu nikuzike mara ya pili, na muchanga niliouchagua vizuri.

Mama akaingiza mukono wake ndani ya wako. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Amekuwa mukubwa. Angalia mukono, amekuwa muntu mukubwa."

Kwa hiyo tablo imeisha. Uliimaliza mwenyewe. Ule muchanga wa mara ya sita nimeutia kwenye kopo la kwanza, nikalirudisha dirishani. Nakuahidi nitajaza yote kumi na moja, na Mama ndiye atakayenihukumu. Na mugeni akija, akikosa kikombe, atakunywa na mikono.

Mama Furaha amekwisha kuja mara mbili kukusalimia pale kwenye tablo. Mimi bado. Naogopa utageukia ukuta. Lakini kesho nitanawa vizuri, nitauweka mukono wangu ndani ya wako: wote, mara moja, sitapapasa.

Lala salama, Yaya wangu.

Feza